Inafaa na Lazima

Hoteli moja ya Minneapolis, Machi, theluji imefika kwenye vioo vya magari.
Hatukutoka nje siku tatu. Hapa jengo na jengo huunganishwa
kwa vijia vya vioo vinavyopita juu ya barabara;
unakwenda kunywa kahawa, unarudi, na upepo haujui jina lako.
Mimi ndiye niliyepewa kuandika kumbukumbu,
kwa kuwa nilichelewa, na mchelewaji hapewi la kuchagua.

Ajenda: anwani za ndani.
Zile namba ambazo kila nyumba inazo na hakuna nyumba inayozimiliki,
kumi, nukta, sifuri, nukta, sifuri, nukta, moja,
kama mtoto anayeitwa Dogo:
ndani ya ua wote wanamjua,
akitoka mlangoni huvuliwa jina hilo na kuvikwa la cheti,
na mtaani wako akina Dogo elfu, wala hawagombani,
maadamu kila Dogo yuko kwao.

Kifungu cha nne, aya ya pili.
Rasimu ilisema: inafaa mtandao uchague namba zake kwa bahati nasibu.
Bwana Quilter akataka iwe: lazima.
Annelies Verbruggen akasema lazima ni neno la polisi,
na sisi hatuna polisi, tuna karatasi.
Saa nzima na robo ikaliwa na neno moja.
Niliandika inafaa, nikafuta, nikaandika lazima, nikafuta,
mpaka kitufe cha kufutia kikaanza kunata.

Kisha mwanamke akasogea kwenye kipaza sauti.
Jina, mwenyekiti akamkumbusha.
"Delores Tollefsrud. Duluth. Natunza mtandao wa hospitali."
Buti zake zilikuwa na chumvi ya barabarani.
Alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na hakuikunjua.

Hospitali yetu, alisema, ilioa ile ya Hibbing mwezi wa Oktoba.
Wakubwa wakatia saini, keki ikakatwa,
hakuna aliyeuliza namba.
Kumi, moja, nne, ishirini:
kwao ni printa ya chumba cha eksirei,
kwetu ni printa ya wodi ya wazazi.
Daktari akaja na kompyuta yake toka Hibbing, akabonyeza chapa,
na pafu la mchimba chuma wa miaka sabini
likatoka, jeusi,
mbele ya mama aliyekuwa akihesabu uchungu unavyopishana.
"Akadhani ni la mwanawe. Dakika ishirini alidhani hivyo."

Mtu akafunga kompyuta yake, polepole.
Quilter akauliza, na sauti yake safari hii haikuwa ya kushinda:
kama ingeandikwa lazima, mngetii?
"Namba zile alizipanga mtu aliyestaafu mwaka niliohitimu.
Hakuisoma karatasi yenu.
Mimi mwenyewe nimeisoma Januari."
Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake,
na sisi sote, usiku ule, tulikuwa tumelala hotelini.

Hatupigi kura pale. Tunavuma, midomo imefumbwa,
ili asionekane nani kasema nini.
Wanaotaka lazima: mvumo.
Wanaotaka inafaa: mvumo.
Mwenyekiti akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza friji usiku wa manane.
Sisikii tofauti, akasema. Tutaendelea Julai.

Delores hakuvuma hata mara moja.
Mimi nilivuma mara zote mbili, Mungu anisamehe,
na mwandishi hatakiwi kuvuma kabisa.

Katika kumbukumbu rasmi yumo hivi:
Mshiriki wa Duluth alitoa mfano.
Nilijaribu kuongeza la pafu. Mwenyekiti akasema si la kiufundi.

Jioni nilimkuta kwenye kijia cha vioo, mkoba begani,
basi lake saa moja na nusu, chini yetu magari yakitambaa.
Alikuwa kwenye simu, anamtajia mtu namba, moja moja,
kama anayemfundisha mtoto kuhesabu:
ishirini na moja, badili.
Ishirini na mbili, badili.
Ishirini na tatu, hapana, hiyo iache mpaka nifike,
hiyo ni pampu ya dawa, kuna mtu amelala upande wa pili.